Rimu ya Inchi Ngapi? Mwongozo wa Magurudumu kwa Madereva wa Tabaka

Jiwe la sabuni la Tabaka, huku Kisii, lina uzito wa karibu tani 2.7 kwa kila mita ya ujazo. Pande lililokatwa mraba, nusu mita kila upande, linaingia nyuma ya Probox na nafasi inabaki ya kupanga vinyago kandokando. Pande hilo lina kilo 340 hivi. Probox ya mizigo ilitoka kiwandani Japani ikiruhusiwa kubeba kilo 400 ikiwa na watu wawili mbele, au kilo 250 viti vya nyuma vikikaliwa. Jiwe moja tu, buti halijajaa, na gari tayari linakaribia kikomo chake. Uzito huo wote umeshikiliwa na tairi nne, kila moja ikigusa ardhi kwa eneo la kiganja cha mtu mzima.

Ninaanza na jiwe kwa sababu mazungumzo ya rimu huku kwetu huanza kwa macho. Kijana amepata gari, Probox au Subaru, na kabla hajabadilisha oili ameshauliza bei ya rimu za inchi 16 au 17. Anaambiwa gari litashika kona kama la mashindano, litatulia kwenye mwendo, litaonekana gari. Hamu hiyo naielewa na sina neno baya juu yake. Mtu anayetaka gari lake liende vizuri huwa pia ndiye anayelitunza. Ila wanaoshindana kwa saa na kwa fedha hawachagui rimu kwa namna hiyo, na njia wanayotumia inamfaa dereva wa machimbo ya Nyabigege sawasawa na inavyomfaa yule anayetaka kupeleka Subaru yake mashindanoni siku ya Jumapili.

Njia yenyewe ni hii: chagua rimu ndogo kabisa inayozunguka juu ya breki zako bila kugusa, kisha fedha iliyobaki itie kwenye tairi. Sehemu kubwa ya makala hii ni kueleza kwa nini, na ni wakati gani kanuni hiyo inaachwa.

Wanaoshindana hutumia nini

Safari Rally, iliyoanza mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, ilirudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 kule Naivasha baada ya kukosekana tangu 2002. Magari yanayopita pale ni ya bei ambayo wengi wetu hatutaigusa maishani, yana nguvu kuliko gari lolote lililoegeshwa mjini Kisii, na yanatumia rimu za inchi 15. Magari hayohayo yakienda kushindana kwenye lami ya Ulaya, hufungwa rimu za inchi 18. Gari ni lile lile na dereva ni yule yule. Kinachobadilika ni barabara.

Sababu mbili zinafanya kazi kwa pamoja. Kwenye mawe na vumbi, tairi inahitaji ubavu mrefu, yaani ule mpira ulio kati ya rimu na ardhi, ili imeze pigo kabla halijafika kwenye chuma. Kwenye lami iliyonyooka ubavu mrefu ni hasara, maana hupinda gari linapoingia kona na usukani unachelewa kujibu. Sababu ya pili ni breki. Kwenye lami gari la mashindano hufungwa diski kubwa za breki, za zaidi ya milimita 350, ambazo haziwezi kuingia ndani ya rimu ya inchi 15. Kwenye vumbi, ambako tairi huteleza kabla breki haijafika mwisho wa nguvu zake, diski za milimita 300 zinatosha, na rimu inaruhusiwa kupungua. Kwa hiyo saizi ya rimu ni jibu la maswali mawili yaliyotangulia: barabara ikoje, na breki ni kubwa kiasi gani.

Kuna mfano wa Safari ya mwaka 1993 ambao napenda kuukumbusha. Subaru walileta Vivio, kigari cha injini ya sentimita za ujazo 660, chenye magurudumu madogo. Patrick Njiru wa Kenya alikiendesha hadi mwisho akamaliza wa 12, katika mashindano ambayo magari makubwa yaliachwa njiani. Yeyote anayesema gari lenye magurudumu madogo si gari la kazi ngumu aelezwe habari hiyo.

Watu hunitolea mfano wa Formula 1 wakitetea rimu kubwa. Ni kweli kwamba magari hayo yalihama kutoka rimu za inchi 13 hadi inchi 18 mwaka 2022. Lakini kwa miongo mingi kabla ya hapo, magari hayo, yaliyokuwa miongoni mwa yenye kasi zaidi duniani, yalitumia inchi 13, sawa na Probox nyingi za zamani, na mabadiliko yalipokuja magurudumu yaliongezeka uzito. Nia kubwa ilikuwa kuyasogeza matairi ya mashindano karibu na yale ya magari ya barabarani. Haikuwa kwamba inchi 13 zilikuwa zikiwachelewesha.

Kusoma namba za tairi

Inama karibu na gurudumu la gari lako usome ubavuni. Tuseme ni Probox ya umbo jipya, na imeandikwa 155/80 R14 88/86N. Namba 155 ni upana wa tairi kwa milimita. Namba 80 ni asilimia: urefu wa ubavu ni asilimia 80 ya upana huo, yaani milimita 124. Namba 14 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Namba 88 ni uwezo wa kubeba, na katika jedwali la watengenezaji 88 maana yake ni kilo 560 kwa tairi moja. Namba 86, ambayo ni kilo 530, ni kwa magari yenye tairi pacha nyuma. Herufi N ni mwendo wa juu unaoruhusiwa, kilomita 140 kwa saa.

Inchi moja ni milimita 25.4, hivyo rimu ya inchi 14 ina kipenyo cha milimita 355.6. Ongeza ubavu wa juu na wa chini, 124 mara mbili, upate milimita 603.6. Hicho ndicho kipenyo cha gurudumu zima, na ndiyo namba ya kuandika kwenye karatasi na kuibeba mfukoni unapokwenda dukani. Gia, spidomita na breki za gari lako zilipimwa kwa namba hiyo.

Ukitaka inchi 15 kwa gari hilo, 185/60 R15 inakupa milimita 603.0, karibu sawasawa kabisa. Ukitaka inchi 16, 195/50 R16 inakupa 601.4. Zote mbili zinapita kwa upande wa kipenyo. Sasa tazama kilichopotea: ubavu umeshuka kutoka milimita 124 hadi 111, halafu hadi 97.5. Kila inchi uliyoongeza kwenye rimu umeikata kwenye mpira unaoilinda rimu hiyo. Kwenye lami ya barabara kuu ya Kisii kwenda Migori huenda usione tofauti. Ukishaiacha lami ukashika murram ya kwenda machimboni, kila mtaro uliochimbwa na mvua unaihesabu tofauti hiyo.

Ukichukua tairi ambayo kipenyo chake kimezidi, mfano 195/65 R15 yenye milimita 634.5, umeongeza asilimia 5. Wapo wanaofanya hivyo makusudi kuinua gari, nalo huinuka kweli kama milimita 15. Bei yake hailipwi dukani. Spidomita ikionyesha 80, gari liko 84. Nguvu ya injini inayofika ardhini inapungua kwa asilimia 5 hivi katika kila gia, na kwenye milima ya Gusii, gari likiwa na mawe, ndipo unapojikuta umerudi gia ya kwanza mahali ulipokuwa ukipanda na ya pili. Breki nazo hupungua kwa kiasi hichohicho, na mlima ulioupanda utauteremka. Wataalamu wengi huweka mpaka wa asilimia 3 juu au chini ya kipenyo cha kiwandani. Mimi ningebaki ndani ya 2.

Kama unapenda gari lipande mlima vizuri zaidi, kipenyo kilichopungua kidogo kinasaidia kuliko kilichoongezeka. Wanaoshindana kwenye viwanja vifupi hulijua hilo: tairi ndogo kidogo ni kama kubadilisha gia bila kufungua giaboksi. Hasara yake ni gari kukaa chini na injini kuzunguka haraka zaidi barabarani, kwa hiyo mafuta.

Uzito wa kubeba

Hapa ndipo wengi wa Tabaka wanapopotea, na ndipo penye hatari zaidi. Tairi ya kwanza niliyoitaja, ya mizigo, hubeba kilo 560. Ile 185/60 R15 inayouzwa kwa magari madogo ya abiria kwa kawaida ina namba 84, yaani kilo 500. Kwenye ekseli ya nyuma umepoteza kilo 120, na hakuna aliyekuambia, kwa sababu tairi mpya ni pana na inaonekana imara kuliko ile ya kwanza. Upana hauelezi uwezo. Tairi nyembamba ya mizigo ina tabaka nyingi zaidi za nyuzi ndani yake, na inakubali upepo mwingi kuliko ya abiria, ndiyo sababu inabeba zaidi.

Tairi iliyobebeshwa kupita uwezo haipasuki palepale. Ubavu hupinda na kunyooka kila mzunguko, hupata joto, nyuzi huanza kuachana na mpira, na siku moja inafumuka kwenye mteremko ukiwa na mwendo. Anayebeba mawe, ndizi au abiria kila siku abaki na tairi zenye herufi LT au maandishi ya 6PR au 8PR, na ajaze upepo kwa kipimo kilichobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva, akitofautisha kile cha gari tupu na kile cha gari lenye mzigo. Pima asubuhi kabla gari halijatembea. Joto likipanda nyuzi 6 hivi, upepo ndani ya tairi huongezeka kwa psi 1, kwa hiyo kipimo cha saa nane mchana baada ya safari ya Migori kitakudanganya.

Neno moja kuhusu vumbi la mawe. Jiwe la sabuni lina madini ya talki, laini kuliko madini yote, na unga wake ukilowa barabarani hutelezesha tairi ya aina yoyote. Karibu na machimbo na karakana za kuchonga, mvua ikianza kunyesha, punguza mwendo mapema kuliko unavyodhani unahitaji. Tairi pana haikusaidii hapo, maana hupanda juu ya tope badala ya kulikata ikafikia udongo mgumu. Ndiyo sababu nyingine ya madereva wa mbio za vumbi kupenda tairi nyembamba.

Uzito wa rimu yenyewe

Gari linapoongeza mwendo, kilo iliyo kwenye buti inasukumwa mbele tu. Kilo iliyo pembeni mwa gurudumu inasukumwa mbele na pia inazungushwa, kwa hiyo injini inaihisi kama karibu kilo mbili. Ukibadilisha magurudumu ukaongeza kilo 3 kwa kila moja, jumla 12, umejibebesha mzigo unaokaribia kilo 24 kila unapokanyaga mafuta na kila unapokanyaga breki. Zaidi ya hapo, springi na shokomzoba zinalazimika kulidhibiti gurudumu zito linaporuka juu ya shimo, na likichelewa kurudi ardhini, kwa muda huo gari halina mshiko. Hiyo ndiyo maana halisi ya gari kutulia au kutotulia, na haina uhusiano na ung'aavu wa rimu.

Watu hudhani rimu ya aluminiamu lazima iwe nyepesi kuliko ya chuma. Nyingi za bei nafuu ni nzito. Dawa ni mizani. Kila kinu cha kusagia mahindi kina mizani; beba gurudumu lako la sasa, likiwa na tairi yake, lipimwe, kisha mwombe muuzaji akupimie analokuuzia. Muuzaji mwaminifu hatakataa. Zipo rimu za inchi 16 na 17 zilizofuliwa kwa mashinikizo makubwa, nyepesi kuliko za inchi 15 za kumiminwa kwenye kalibu, na mwenye uwezo wa kuzinunua zikiwa halisi hana ugomvi na mizani. Ni ghali, na nyingi ya zinazofanana nazo madukani ni mwigo.

Kwa barabara za machimboni rimu ya chuma ina sifa ambayo haipewi heshima yake: ikipigwa na jiwe hupinda, na fundi huinyoosha. Ya aluminiamu ya kumiminwa hupata ufa. Usikubali ufa huo uchomelewe. Joto la kuchomelea hudhoofisha chuma kinachouzunguka, na ufa hurudi mahali usipouona. Kwenye rimu za Japani tafuta alama za ubora JWL na VIA zilizotiwa ndani ya chuma. Za magari ya mizigo na mabasi huandikwa JWL-T. Alama hizo huigizwa, kwa hiyo kuwepo kwake hakumalizi uchunguzi, lakini kutokuwepo kunatosha kukufanya uondoke.

Kufaa kwenye gari

Probox hutumia boliti 4 zilizo kwenye duara la milimita 100, na tundu la katikati la milimita 54.1. Subaru Impreza za kawaida zina boliti 5 kwenye duara la 100, na tundu la 56.1, ilhali WRX STI za kuanzia 2005 zina boliti 5 kwenye duara la 114.3. Rimu yenye duara la 98 inaweza kulazimishwa kuingia kwenye gari la 100, nati zikakaza, na gari likaondoka karakana. Nati hizo zinavutwa upande kila gurudumu linapozunguka. Usifanye hivyo, na fundi akikuambia kwamba wenzako wote wamefunga hivyo, mshukuru uende kwa mwingine.

Tundu la katikati la rimu likiwa kubwa kuliko la gari, weka pete ya kujazia, la sivyo usukani utatetemeka hata baada ya balansi. Nati nazo zina aina: rimu nyingi za aluminiamu za Toyota zilizotoka kiwandani hutumia nati za kalio bapa lenye washa, ilhali rimu za kununua hutumia nati za kalio la pia. Ukizichanganya, nati inaonekana imekaza kumbe inagusa sehemu ndogo tu ya chuma. Kaza kwa msalaba, nguvu ya kukaza kwa Toyota nyingi ndogo ikiwa Nm 103, na ukaze tena baada ya kilomita 100 hivi.

Kisha kuna namba iliyoandikwa ET ndani ya rimu, mfano ET45. Inaeleza uso wa kufungia rimu uko umbali gani kutoka katikati ya upana wake. Namba ikipungua, gurudumu linatoka nje zaidi. Vijana hupenda gari liwe na miguu mipana, lakini gurudumu likitoka nje beringi zinabebeshwa mzigo zisioutarajia, usukani unavutwa na kila shimo, na ukijaza abiria tairi inasaga fenda. Baki karibu na ET ya kiwandani, tofauti ya milimita 5 hadi 10 si zaidi. Kabla ya kulipa, funga gurudumu moja la mbele, zungusha usukani hadi mwisho kila upande, weka watu wanne ndani, uchungulie. Usisahau spea: ikiwa ya kipenyo tofauti, panchari moja usiku barabarani itakufanya uendeshe gari linalovuta upande hadi nyumbani.

Wenye Subaru wasikilize hili kwa makini. Gari linaloendeshwa na magurudumu yote manne linataka tairi zote zilingane mzingo, na Subaru husema tofauti isizidi robo inchi, yaani milimita 6 hivi. Tairi mpya yenye meno ya milimita 8 na tairi kuukuu yenye milimita 3 hutofautiana mzingo kwa milimita 31. Ndiyo sababu kununua tairi mbili mpya na kubakiza mbili za zamani, jambo lisilo na madhara makubwa kwenye Probox, kunaweza kuharibu difu ya katikati ya Subaru, nayo gharama yake inazidi tairi nne mara kadhaa.

Ukitaka kushindana

Mashindano ambayo kijana wa Tabaka anaweza kuyaingia kwa gari lake mwenyewe ni ya autokrosi, yanayosimamiwa na Shirikisho la Michezo ya Magari Kenya na kufanyika kwenye viwanja vya vumbi kama cha Jamhuri jijini Nairobi na Stoni Athi. Hapo ndipo mahali pa kuendesha kwa kasi. Barabara ya Tabaka ina watoto wa shule, boda boda na akina mama wenye mizigo kichwani. Hakuna rimu inayobadilisha hilo.

Kwa vumbi la autokrosi, Impreza yenye breki za kawaida ifungwe rimu ya inchi 15 na tairi ya 195/65. Ina kipenyo cha milimita 634.5 na ubavu wa 127. Ikiwa gari lilikuja na 205/55 R16, yenye 631.9, tofauti ni ndogo sana na spidomita haitaona. STI yenye breki za Brembo haina hiari hiyo, kwa kuwa kalipa zake zinadai inchi 17. Hapo kanuni yangu ya rimu ndogo kabisa inafikia mwisho wake kwa njia halali, maana breki ndizo zilizoamua. Na mtu anayeendesha kwenye lami safi tu, hana mzigo, ana tairi nzuri zinazopatikana kwa inchi 17 peke yake, achukue 17 bila kusita. Kwenye lami ubavu mfupi hujibu usukani upesi na huweka mpira mpana ardhini. Atumie 205/50 R17, yenye 636.8, au 215/45 R17, yenye 625.3.

Ukishapata saizi, upepo ndio unaomaliza kazi, na kuupata hauhitaji mashine. Chukua kipande cha jiwe la sabuni, ambacho huandika kama chaki, uchore mstari kwenye bega la tairi kuanzia kwenye meno hadi ubavuni, mahali patatu. Endesha mzunguko mmoja kwa kasi ya mashindano. Mstari ukifutika hadi ubavuni, tairi inalala na upepo ni mdogo. Ukibaki hata kwenye pembe ya meno, upepo umezidi na unatumia sehemu ya katikati tu. Ongeza au punguza psi 2 kwa wakati, uchore tena.

Tairi za mitumba

Wengi wetu tutanunua zilizotumika, na sioni sababu ya kuwaaibisha wanaofanya hivyo. Kinachohitajika ni kujua pa kutazama. Baada ya herufi DOT ubavuni kuna tarakimu nne za mwisho: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Iliyozidi miaka sita nikiwa mimi ningeiacha hata meno yakiwa marefu, kwa kuwa mpira hukauka ukiwa umekaa rafu. Chini ya mifereji ya meno kuna vijivimbe vya kupimia vilivyowekwa kwenye kimo cha milimita 1.6, meno yakilingana navyo tairi imekwisha, na katika mvua ya Kisii, inayonyesha karibu mwaka mzima, ishughulikie kabla haijafika hapo. Pitisha mkono ndani ya tairi ukitafuta kiraka ubavuni. Uvimbe ubavuni, hata mdogo, ni nyuzi zilizokatika, na haushonwi wala haubandikwi.

Ukibadilisha saizi, iarifu kampuni yako ya bima kwa maandishi, na uhifadhi magurudumu ya kiwandani hadi gari lipite ukaguzi wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani.

Basi, kabla hujatoa shilingi, fungua mlango wa dereva usome kibandiko, inama usome namba za tairi, na ufanye ile hesabu ya kipenyo kwa kalamu. Kama unabeba mawe, baki na inchi 14 na tairi za mizigo. Kama unashindana kwenye vumbi, chukua 15. Mwenye breki kubwa na lami safi achukue 17. Na yeyote kati ya hao, pamoja na rimu anunue kipimo cha upepo chake mwenyewe, kidogo cha kutia mfukoni, akitumie kila Jumatatu asubuhi.